Mlalaji wa Pili

Kwa miezi kumi na minne Sekela Mwakibete alilala kitanda kimoja na mtu ambaye hakuwahi kumwona.

Alimjua kwa joto. Kila jioni alipofungua mlango wa chumba namba kumi na nne, godoro lilikuwa bado na uvuguvugu upande wa ukutani, na shuka safi aliyotandika Mzee Ndelwa wa usafi haikutosha kuuficha. Alimjua kwa harufu ya mafuta ya nazi. Zaidi ya hayo alimjua kwa namba, kwa sababu namba ndiyo ilikuwa kazi yake. Katika orodha ya malazi Sekela aliandikwa Mlalaji A, na huyo mwenzake Mlalaji B.

Kituo cha Nyavu kilikaa juu kabisa ya uwanda wa Kitulo, mahali ambapo mtu wa pwani akifika hushindwa hata kuwasha kiberiti kwa jinsi vidole vinavyokufa ganzi. Huko ukungu ulivunwa. Nyavu elfu sita zilisimama mstari kwa mstari; ukungu ulipita katikati yake ukaacha matone, matone yakaingia mferejini, mfereji ukalijaza bomba, na bomba likashuka hadi kwenye miji iliyopewa kibali. Miji hiyo iliitwa miji ya bomba. Mingine yote iliitwa miji ya ndoo, na watu wake walijua kwa nini.

Kupasha chumba joto kulikuwa shida kubwa kuliko kupata maji. Kwa hiyo kila chumba kilikuwa na kitanda kimoja na watu wawili: wa zamu ya mchana alilala usiku, wa zamu ya usiku alilala mchana. Kati yao, asubuhi na jioni, mlango ulifungwa kwa nusu saa ili Mzee Ndelwa abadilishe shuka. Walalaji hawakuruhusiwa kukutana. Zamani watu waligombana kwa ajili ya sabuni na redio, wakafikia kupigana ngumi, na uongozi ukaona dawa ni wasionane kabisa. Ugomvi ulisahaulika. Amri ilibaki.

Sekela hakuilalamikia. Alikuwa na miaka arobaini na tisa. Mwanawe wa pekee aliishi mji wa bomba na alimpigia simu kila mwisho wa mwezi, na mazungumzo yao yalikwisha kabla chai haijapoa. Alikuwa amezoea watu wasiokuwepo.

*

Bwana Nkwabi, msimamizi wa malazi, alimkuta karakanani akilisikiliza godoro. Ndivyo alivyofanya kazi: alilijaza hewa, akapaka maji ya sabuni kwenye mishono, halafu akaweka sikio. Hakuna aliyemfundisha. Alikuja kituoni kama mfagiaji; godoro la kwanza kupasuka lilipotupwa nje, alilifungua kwa kisu cha jikoni ili aone ndani kuna nini, na tangu siku hiyo hakurudi tena kwenye ufagio.

"Umelalaje, Dada Sekela?"

"Chali, kama kawaida."

Nkwabi akacheka mpaka akakohoa. Alikuwa mnene na mpole, na kikohozi chake hakikuwahi kupona tangu apande mlima. Nyuma yake wapagazi walikuwa wakiingiza maboksi.

"Shirika linataka kubadilisha magodoro yote, mia tatu. Wameleta ya aina tatu. Laza watu juu yake, uyapime, kisha uniambie tuchukue lipi."

"Kwa mlalaji wa aina gani?"

"Kwa wote."

"Hakuna wote, Bwana Nkwabi. Kuna wa chali, wa ubavu na wa kifudifudi. Kuna mwembamba, na kuna wewe."

"Haya, na mimi nipime."

Alipima. Alichukua vyumba kumi na viwili na akafungua daftari jipya. Ugumu wa godoro la hewa husomwa kutoka sifuri, ambapo mtu amelala juu ya ubao wa kitanda, hadi mia, ambapo amelala juu ya kitu kama meza. Mlalaji wa ubavu alihitaji kati ya thelathini na tano na arobaini na tano, ili bega na nyonga vipate pa kuzama; akizidishiwa, mkono wa chini unakufa ganzi. Wa chali alitosheka na hamsini na tano hadi sitini na tano. Wa kifudifudi alitaka sabini na zaidi, kwa sababu kiuno chake kikizama ataamka mgongo umekaza. Mtu mzito aliongezewa kumi. Juu ya yote kulikuwa na baridi: hewa ikipoa hunywea, na godoro lililowekwa sitini jioni huamka hamsini na mbili.

Godoro la kwanza lilikuwa mfuko mmoja mkubwa. Ukililegeza kwa ajili ya bega, kiuno nacho kinazama. Liliwafaa wa chali tu, tena wale wasiogeuka. La pili lilikuwa na vifuko sita vilivyopangwa kwa mkono, na lilimfaa karibu kila mtu aliyejua anavyolala. Lakini likishapangwa halikujua habari ya baridi wala ya mtu kugeuka. La tatu lilikuwa na vifuko ishirini na vinne. Kila dakika lilihisi uzito uko wapi, likapunguza hapa na kuongeza pale, na baridi ilipolinyonya hewa lilijirudishia lenyewe. Lililala na mtu kama mama anavyolala na mtoto mchanga, nusu yake iko macho.

Sekela aliweka la tatu katika vyumba vinne, na kimoja kati ya hivyo kilikuwa chake mwenyewe. Mlalaji A alilala chali, Mlalaji B kifudifudi. Walalaji wawili wasiofanana hata kidogo, katika kitanda kimoja; fundi angetaka nini zaidi? Siku ya tatu maumivu ya mgongo aliyokuwa nayo kwa miaka sita yalikwisha. Alisimama sakafuni asubuhi ile akingoja yarudi, na hayakurudi.

"Hili la tatu," alimwambia Nkwabi, "lina waya huu mdogo. Wa nini?"

"Wa zahanati. Tukishayafunga yote, namba zitakuwa zinakwenda kule zenyewe. Mtu akianza kukoroma vibaya, wanajua kabla yake."

"Na mtu asiyetaka wajue?"

"Dada Sekela, hili ni godoro."

Kwa wakati wa jaribio waya haukuunganishwa. Namba zilibaki karakanani, zikachapwa kila siku, karatasi moja kwa kila mlalaji. Karatasi zote zilitakiwa kuambatanishwa na ripoti.

*

Wiki ya tatu namba za Mlalaji B ziliharibika.

Vifuko vya katikati, cha kumi na moja hadi cha kumi na nne, vilikuwa vikipungua hewa mchana kutwa. Godoro liliongeza, kisha likapunguza tena, kama mtu anayetafuta kitu gizani. Usiku, akilala Sekela, vifuko vilevile vilitulia. Sekela alifikiri kama fundi anavyofikiri: vali ya kupitishia hewa inakwama, na inakwama kukiwa na joto la mchana. Aliingia chumbani kwenye nusu saa ya usafi akabadilisha vali.

Namba hazikupona. Akabadilisha tena.

"Mama, magodoro ya wenzako yanalala," alisema Mzee Ndelwa aliyekuwa akivua foronya. "La kwako linashinda hospitali."

"Shika taa, mzee. Huku."

"Nashika. Na nikishika taa, shuka atatandika nani, huyo B?"

Baada ya vali ya tatu Sekela alifanya kile ambacho angepaswa kukifanya mwanzo. Alijaza mchanga kwenye viroba hadi kilo sitini na tatu, uzito wa Mlalaji B, akavipanga kitandani kama mtu aliyelala. Usiku huo yeye alilala sakafuni, mchanga ukalala juu ya godoro. Asubuhi hakuna hata kifuko kimoja kilichokuwa kimepungua.

Godoro lilikuwa zima. Basi alirudi kwenye karatasi akazisoma upya, safari hii akimsoma aliyelala juu ya godoro. Mlalaji B, ambaye kwa mwaka mzima alilala kifudifudi, alikuwa amehamia ubavu wa kushoto na hageuki. Alitoka kitandani mara nne, mara tano katika mapumziko ya siku moja. Uzito wake uliongezeka kilo mbili na robo katika kituo ambako kila mtu hukonda. Na vile vifuko vya katikati vilikuwa mahali hasa ambapo tumbo linakaa.

Sekela akaweka kalamu chini. Aliwahi kulala hivyo, miaka ishirini na sita iliyopita.

Godoro lilikuwa halijaharibika wala halivuji. Lilikuwa linampisha mtu.

 Kituoni hakuna mwanamke aliyeruhusiwa kubaki na mimba, na Sekela hakuwa na haki ya kuita amri hiyo ya ukatili, kwani yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioiomba. Miaka mitatu nyuma mwenzao Debora Mgimwa alianza kutoka damu mwezi wa sita. Ukungu ulikaa siku nne, ndege ya uokoaji ikazunguka juu bila kuona pa kutua, na kapu la waya, lile linalopandisha na kushusha watu mlimani, lilikuwa limesimamishwa kwa upepo. Siku ya tatu Debora aliacha kuuliza saa ngapi.

Upande mwingine kulikuwa na tarehe. Sekela alifungua orodha ya malazi. Mlalaji B angemaliza miaka miwili yake baada ya wiki saba. Aliyemaliza miaka miwili alipewa kibali cha kuishi mji wa bomba, yeye na watoto wake wote. Aliyeshuka kabla, hata kama zimebaki siku mbili, alihesabiwa kuwa hajapanda. Na mwenye mtoto mchanga hachukuliwi tena.

Ripoti ilitakiwa Ijumaa. Siku hiyo ilikuwa Jumanne.

*

"Mzee, jioni hii nifungulie mapema," Sekela alisema.

"Vali tena?"

"Hapana. Nataka kumwona."

Ndelwa alimtazama, kisha akatazama ndoo yake. "Sabuni imeniishia," alisema. "Ngoja nikaitafute. Na stoo ni mbali."

Mlalaji B alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda akivaa viatu vya mpira. Alikuwa mfupi, mwenye uso wa mviringo, hajafika miaka thelathini, na koti la kazi lilimfunika hadi magotini. Alipomwona Sekela mlangoni hakushtuka. Alisimama tu haraka, kama mtu aliyekutwa katika chumba cha mwingine.

"Shikamoo."

"Marahaba."

"Wewe ni A."

"Ndiyo mimi A. Sekela."

"Siwema. Siwema Mhando."

 Ilikuwa aibu ya ajabu. Kila mmoja alikuwa amelala ndani ya joto la mwenzake zaidi ya mara mia nne, na sasa hawakujua waangalie wapi.

"Nilidhani wewe ni mrefu," alisema Siwema. "Shimo la kisigino chako liko kule chini kabisa."

"Najivuta chini. Mto unanichosha shingo."

"Halafu unalala pembeni. Kitanda chote chako, nafasi yote hii, unakwenda kulala ukingoni kama umemwachia mtu."

Sekela hakulijua hilo. Alikuwa amepima walalaji wa kituo kizima, na karatasi zake mwenyewe alizipitia kwa ajili ya mgongo tu.

"Ya miezi mingapi?" aliuliza.

Mikono ya Siwema ilisimama kwenye vifungo vya koti. "Nani kakwambia?"

"Godoro."

Siwema aligeuka akalitazama godoro, na kwa muda ilionekana kama atalipiga teke. Kisha akakaa. "Minne na wiki moja. Nilipokwenda likizo."

"Nani anajua?"

"Mume wangu, yuko Handeni. Na Hobokela wa zamu yangu, yeye ndiye anayenipandia nyavu, mimi nashona zilizochanika chini bandani. Na sasa wewe, na hilo." Alilielekeza godoro kwa kidevu. "Utasema?"

"Karatasi zitasema. Zinakwenda na ripoti, na daktari anazipitia moja moja."

"Wiki saba, mama."

"Nimeona tarehe."

"Najua habari za Debora. Kila mtu anasimuliwa siku ya kwanza."

"Wewe umesimuliwa," alisema Sekela bila ukali. "Mimi nilishika taa."

Siwema aliinamisha kichwa. Alipoongea tena sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama ya mtu anayeeleza njia. "Kwetu foleni ya maji inaanza saa tisa usiku. Ukikuta kisima kimeoza unarudi nayo hivyohivyo, maana utafanyaje. Mdogo wangu aliharisha Jumamosi, Jumatatu tukamzika. Alikuwa na miaka miwili. Kwa hiyo ukiniambia huku juu kuna hatari, mimi nakuelewa. Ila unilinganishie na hatari ya wapi?"

 Kulinganisha ndiyo ilikuwa kazi ya Sekela, na kwa hili hakuwa na kipimo.

"Sikuombi useme uongo," Siwema aliongeza.

"Unaniomba nini?"

"Hata sijui. Wewe ndiye umekuja."

Nje, mwisho wa korido, Ndelwa alisikika akipiga ndoo ukutani bila sababu.

"Nisikilize, mwanangu," alisema Sekela. "Ukiona damu, hata tone. Kichwa kikikuuma mpaka unaona nyota. Miguu ikivimba ukashindwa kuvaa hivyo viatu. Unashuka siku hiyohiyo. Humuulizi Hobokela, huniulizi mimi, huhesabu siku zilizobaki."

"Nitashuka."

"Hata ikibaki siku moja."

Siwema alichelewa kujibu, na kwa sababu alichelewa Sekela alimwamini. "Hata ikibaki moja," alisema. "Haki ya Mungu."

*

Siku mbili Sekela alikaa na karatasi ishirini na tatu za Mlalaji B.

Hakuwahi kubadilisha namba. Watu waliwahi kumwomba, walinzi waliosinzia kazini na wagonjwa waliotaka kuonekana wazima, na aliwakatalia wote kwa upole uleule. Namba ikishadanganya mara moja, alikuwa akisema, hutajua tena ipi ya kuamini. Jumatano asubuhi aliushika ufutio, kisha akaufungia kwenye kabati.

Alhamisi alifungua sheria za jaribio, alizoziandika mwenyewe miaka minane nyuma kwa mwandiko wa mtu anayejifunza kuandika ripoti. Ya tano ilisema: kitanda kikiguswa katikati ya jaribio, jaribio la kitanda hicho limekufa, na karatasi zake zichomwe zisije zikachanganywa na za vitanda vingine. Alikuwa ameshachoma za vyumba viwili mwaka uliopita, kwa sababu kama hiyo. Na hiki cha kumi na nne alikigusa mara tatu, akakilazia hadi mchanga.

Kwa hiyo zilipaswa kuchomwa. Angezichoma hata kama B angekuwa mwanamke mwenye tumbo bapa? Alijiuliza hilo akiwa amesimama mbele ya jiko la karakana, na akajijibu ndiyo. Lakini je, angezichoma kwa furaha namna ile? Hapana. Hakuona njia ya kuyatenganisha hayo mawili, akafungua mlango wa jiko.

Ijumaa Nkwabi alisoma ripoti akiwa amevaa miwani mbili, moja juu ya nyingine.

"Chumba cha kumi na nne umekifuta."

"Nilibadilisha vali mara tatu katikati ya jaribio. Vali hazikuwa na tatizo. Nilikosea."

"Wewe?"

"Mimi."

"Karatasi zake ziko wapi?"

"Ndani ya jiko. Sheria ya tano."

Nkwabi alivua miwani moja. Akatazama dirishani, ambako hakukuwa na cha kutazama isipokuwa weupe. "Nitalazimika kuiandika hii. Fundi aliyeharibu jaribio hapewi jingine. Utarudi kuziba viraka."

"Andika."

"Na hapa mwishoni. 'Godoro la tatu ni bora kwa walalaji wa kila aina. Nashauri linunuliwe la pili.' Dada Sekela, hapa umelala wakati unaandika?"

"Endelea chini."

Alisoma kwa sauti, polepole. "'La tatu linamjua mtu kuliko anavyotaka kujulikana. Walalaji wa kituo hiki hawana mlango wao, hawana saa zao, hawana hata kitanda chao. Wakiwa usingizini waachwe.'" Akaweka karatasi mezani. "Siku nzima huongei na mtu. Unakula peke yako, unakaa na magodoro. Wewe ndiye wa kusema watu waachwe?"

"Kuachwa peke yako ni kitu kimoja. Kutazamwa ukiwa peke yako ni kitu kingine."

Nkwabi alikohoa, akangoja kikohozi kipite. Alipouliza tena alishusha sauti, ingawa ofisini hawakuwa na mtu mwingine. "Kuna mtu atanifia hapa juu?"

"Sijui."

"Hujui."

"Ningejua ningekwambia, Bwana Nkwabi. Sijui."

Alishika kalamu muda mrefu kabla ya kutia sahihi.

*

Shirika lilijibu kwamba litaamua baada ya masika. Magodoro ya aina ya tatu yalirudishwa kwenye maboksi yake, na chumba namba kumi na nne kikapewa la pili. Mgongo wa Sekela ulianza kuuma siku ya nne.

Hilo alilitegemea. Ambalo hakulitegemea ni kutojua. Godoro la pili halikuandika kitu. Lilikuwa na kishikio cha kuzungusha ubavuni, chenye namba, na kila mlalaji alikipeleka anapotaka, hiyo tu. Jioni Sekela aliingia, akaweka kiganja upande wa ukutani kuona kama pana joto, kisha akainama kusoma kishikio. Siwema alikuwa amekiacha arobaini. Wiki iliyofuata thelathini na nane. Halafu thelathini na tano. Tumbo linakua, alifikiri, nyonga inabeba zaidi, anahitaji kuzama. Hizo ndizo habari zote alizopata.

Asubuhi, kabla ya kutoka, alikirudisha kishikio pale alipokikuta, ili Siwema akija amechoka asihangaike nacho.

Hawakukutana tena. Ndelwa alikuwa tayari kufungua; Sekela ndiye aliyekataa. Mara moja watu husahau, mara ya pili huanza kuangalia saa.

Wiki ya tano ukungu ulikaa. Siku ya pili yake Sekela aliingia chumbani jioni, akaweka kiganja, na godoro lilikuwa baridi. Kishikio kilikuwa pale alipokiacha asubuhi. Siwema hakuwa amelala.

Alikaa kitandani na koti lake mwilini. Hakukuwa na mtu wa kumuuliza. Akienda zahanati, swali lenyewe lingekuwa jibu. Akimuuliza Hobokela, angeulizwa amejuaje. Nje ya dirisha hakuna kilichoonekana, hata nguzo ya taa iliyokuwa hatua kumi. Alifikiria zile karatasi ishirini na tatu, moto ulivyozishika pembeni kwanza. Alijaribu kumkumbuka Debora kabla ya siku zile nne, akicheka au akila, akashindwa. Aliona mkono tu juu ya blanketi la zahanati. Kama ni hivyo tena, alijiambia, safari hii taa sikushika tu. Safari hii nilifunga mlango. Hakujitetea kwa lolote. Alikaa hivyo hadi kulipokucha, akaenda kazini, akaziba viraka saba bila kukumbuka hata kimoja.

Jioni godoro lilikuwa na joto. Kishikio kilikuwa thelathini na mbili.

"Bomba la kaskazini lilipasuka," Ndelwa alimweleza koridoni bila kuulizwa, akikunja shuka chafu. "Zamu ya usiku wote walipelekwa kule juzi usiku, jana walilala kwenye mahema. Wamerudi leo asubuhi, wamelala kutwa kama magogo. Wote wazima, mama."

Sekela aliitikia kwa kichwa. Aliingia ndani, akafunga mlango, na akaweka tena kiganja upande wa ukutani.

Majina yalibandikwa ukutani kantini Jumamosi ya wiki ya saba. Watu kumi na mmoja walikuwa wamemaliza miaka yao, na la sita lilikuwa Siwema Mhando, kibali kimetoka, anashuka na kapu la saa nne. Sekela alilisoma mara mbili, akachukua uji wake akanywa amesimama. Saa nne alikuwa karakanani na godoro la chumba cha themanini. Alisikia mashine ya kapu ikianza kuvuta, akasubiri mpaka sauti ikageuka kuwa ile ya kapu linaloteremka, halafu akaweka sikio kwenye mshono, akaendelea.

Jioni Ndelwa alikuwa ameshamaliza. Shuka zilikuwa zimenyooshwa. Mlalaji B mwingine alitarajiwa kesho. Jina lake halikuwa bado limeandikwa.

Godoro lilikuwa baridi, upande wa ukutani na kwingineko. Sekela aliinama kusoma kishikio, kwa mazoea, akijua kimebaki pale alipokiacha asubuhi, thelathini.

Kilikuwa hamsini na tano.

 Siwema aliingia humu kabla ya kwenda kwenye kapu, akiwa na mizigo yake, akainama na tumbo lile, akakizungusha. Hakuwahi kuijua namba ya Sekela, maana kila asubuhi Sekela aliifuta kabla hajatoka. Alikisia. Alikosea kwa tano tu, maana Sekela alilalia sitini.

Sekela alivua viatu, akalala. Palikuwa laini kidogo kuliko alivyozoea, na kesho mgongo ungemwambia. Alinyoosha mkono hadi kwenye kishikio, akaushikilia pale kwa muda, kisha akaurudisha chini ya blanketi.